Mwimbaji Asiyekuwemo Daftarini: Miaka 120 ya Nadi Ikhwan Safaa

Siti binti Saad hakupata kuwa mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya Unguja. Nadi ilikuwa ya wanaume, tena wanaume wa mjini, watu wa kanzu safi na kazi za heshima. Yeye alikuwa mwanamke wa shamba, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu wenye asili ya utumwa. Lakini msimamishe mtu yeyote pale Darajani umwombe akutajie jina moja tu la taarab ya zamani: hatakutajia katibu wa klabu wala mpiga ganuni wake wa kwanza. Atakwambia Siti.

Nadi hii iliundwa mwaka 1905, na sasa imevuka miaka 120. Sherehe za umri kama huo kwa kawaida huwa za waasisi na viongozi, na haki yao wapewe. Mimi naona historia ya klabu inasomeka vizuri zaidi ukianzia upande wa pili wa mlango, kwa wale iliowalea bila ya kuwaandika.

Masimulizi ya wenyewe huanzia ikulu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba na kuijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, na alipenda sana vya Misri. Inasimuliwa kwamba alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, na aliporudi akakusanya wapigaji wa kumburudisha Sultani na wageni wake. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wasikilizaji walikuwa wa kualikwa, na raia wa kawaida alichopata ni kile kilichovuja madirishani.

Vijana wa mjini hawakuridhika na cha madirishani. Wakakusanyika, wakachanga fedha, wakaagiza ala kutoka Misri, wakajipa jina la wale wanazuoni wa Basra wa karne ya 10 walioandika risala zaidi ya hamsini juu ya kila elimu ya zama zao. Kujiita hivyo kwa vijana waliokusanyika kupiga udi na fidla ni kujitia ukubwa kidogo, lakini ujana ndivyo ulivyo, na jina limewakaa.

Walichokiunda kilikuwa klabu hasa. Ilikuwa na uongozi wake, ada, siku za mazoezi na adabu zake. Mtu haingii akapanda jukwaani. Atakaa kwanza, atasikiliza, atashika rika au dumbaki, na akionekana ana sikio ndipo huenda akaachiwa ala ya nyuzi. Ganuni peke yake ni kazi ya miaka. Ni ubao wa pembe nne usio sawa pande zote, unaolazwa mapajani au mezani, wenye nyuzi zaidi ya sabini zilizopangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Mpigaji huvaa pete katika vidole vyake viwili vya shahada, na ndani ya kila pete huchomeka kipande chembamba cha kukwanyulia. Pembeni mwa nyuzi kuna vichuma vidogo vya kuinua na kushusha, vya kubadilishia maqamu, yaani mpangilio wa sauti, wimbo ukiwa unaendelea. Na kwa unyevu wa bahari ya Unguja, ala iliyolinganishwa alasiri hailindi sauti yake mpaka usiku. Aliyewahi kuhudhuria taarab ya kweli anakijua kile kipindi kirefu kabla ya bashrafu, muziki wa ala tupu wa kufungulia, watu wamekwisha kukaa, na mzee mmoja ameinamia nyuzi zake kama hana habari kwamba ukumbi umejaa.

Mzee huyo asubuhi ya siku hiyo alikuwa kazini. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni huchelewa kulielewa juu ya klabu za Unguja. Kwa kulinganisha, huko Ujerumani, nchi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa vidola vya watawala wadogo wadogo, wengi wa watawala hao walijijengea majumba ya maonyesho. Majumba yakarithiwa na miji na majimbo, na hadi leo yapo zaidi ya mia yanayogharimiwa na fedha za umma. Mwigizaji wa mji wa mkoani, ambaye jina lake halijapata kutamkwa Berlin, ana mkataba na mshahara wa mwezi. Wiki hii ni mfalme, wiki ijayo mlevi, na Krismasi ikikaribia yumo katika hadithi ya watoto. Akifa, mji wake unamzika kwa heshima, na miji mingine haijui kama alikuwako.

Unguja nayo ilianza na bendi ya mtawala. Kama mambo yangekwenda kwa mtindo wa Kijerumani, bendi ya Barghash ingekuwa leo idara yenye bajeti na ofisi, na wapigaji wake wangekuwa wanasubiri kiinua mgongo. Hayakwenda hivyo. Kilichodumu ni kile cha raia, cha karani wa serikali, mwalimu wa skuli, fundi na mwenye duka, waliokuwa wakila kwa kazi ya mchana na kuimba usiku. Sanaa hiyo haikuwatajirisha, na kwa sababu haikuwa ikiwalisha, siku ilipokosa fedha hawakuiacha. Nadhani hiyo ndiyo siri ya umri wa Ikhwan Safaa, ingawa ni siri yenye gharama yake, kwani msanii asiyelipwa huishia kuwa mtu ambaye nchi nzima inajua sauti yake na hakuna anayejua kodi ya nyumba yake inalipwaje.

Turudi kwa aliyekuwa nje ya mlango.

Siti alizaliwa Fumba, kusini magharibi ya kisiwa, kiasi cha mwaka 1880. Baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua, wakulima na wafinyanzi. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Alikua akifinyanga na kuuza vyungu, na kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo wa kutwa kwa mwenye mzigo kichwani. Muuza vyungu hutangaza biashara yake kwa mdomo, na inasimuliwa kwamba watu walimjua kwa sauti kabla hajatokeza. Hakupata skuli. Aliolewa, akaachika, akabaki na mtoto wa kulea. Mwaka 1911 akahamia mjini.

Mjini akakutana na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwan Safaa. Kwa historia ya klabu naona hili ni tukio kubwa kuliko ununuzi wowote wa ala, na halikufanyika kwa azimio la kamati. Mwanachama mmoja alisikia sauti, akaona haifai kuachwa ipotee kwenye kuuza vyungu, akaifundisha. Akampa maqamu, akampa namna ya kuingia na kutoka kwenye wimbo, akamzoesha kuimba pamoja na ala. Kilichokuwa kimefungwa katika chumba cha wanaume kikatoka nje kupitia kwa mtu mmoja mkarimu.

Baada ya hapo Siti akawa na kundi lake. Walikuwemo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruk Effandi Talsam, wapigaji ambao kila mmoja angeweza kutafuta jina lake mwenyewe, lakini walikubali kukaa nyuma ya mwanamke wa shamba na kumpigia. Mwaka ule wa 1911 aliohamia mjini, Sayyid Khalifa bin Harub alikalia kiti cha usultani, na alikikalia mpaka 1960. Siti aliimba kwake ikulu. Aliimba katika harusi za Waarabu matajiri na za Wahindi, na alijua kuimba kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Waliomhusudu walimtungia nyimbo za kumkebehi kwa sura yake na kwa alikotoka. Naye akawajibu kwa wimbo, na jibu lake liliacha sura ikakaa pembeni likazungumzia akili.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa ikulu, ilikuwa Ng'ambo. Wakati huo ghuba ilikuwa bado inaugawa mji, upande mmoja Mji Mkongwe wa nyumba za mawe, upande wa pili nyumba za udongo na makuti za watu waliokuwa watumwa, wavuvi, vibarua, mafundi na wachukuzi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na wengi wa walioachwa huru walihamia huko. Nyumba zilikuwa zao, ardhi haikuwa yao, na kodi ya ardhi ilipozidi kupanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wa Ng'ambo wakagoma kuilipa. Siti aliishi kati yao. Nyumbani kwake jioni zilikuwa za wazi, watu wa mtaa wakija kusikiliza, kuongea, kuleta habari. Habari ya leo ilikuwa wimbo wa kesho.

Wimbo wake unaotajwa zaidi kwa hilo ni Kijiti. Kisa chenyewe kilitokea kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka bara alifikia kwa wanawake wenzake Unguja, akatoka usiku kwenda ngomani pamoja na mwanamume wa jina hilo, akanajisiwa na kuuawa. Muuaji akavuka bahari akatoroka. Mahakamani wakabaki wale wanawake wenyeji wa marehemu waliokuja kutoa ushahidi, na kwa sababu kulikuwa na habari ya pombe ndani yake, wakatiwa hatiani wao. Katika jalada la korti kesi iliishia hapo. Katika wimbo haikuisha. Mtu wa Ng'ambo ambaye hangeweza kukata rufaa aliweza kuimba, na aliyeimba aliujua ukweli wote wa kesi, jina la mkosaji likiwemo.

Huu ndio mchango ambao Ikhwan Safaa yenyewe, kwa miaka yake ya mwanzo, isingeweza kuutoa. Si kwamba watu wake hawakuwa na kipaji. Waliimba Kiarabu kwa wanaokijua Kiarabu, na walioujaza ukumbi hawakuwa na kesi kama za Ng'ambo. Siti alichukua ufundi wao mzima, akauingiza Kiswahili, na ndani ya Kiswahili akaingiza mashtaka. Baadaye nadi nayo ikaimba Kiswahili, na ikaimba vizuri sana, lakini njia ilikuwa imekwisha kusafishwa.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, ile ya chapa ya His Master's Voice, ikamsafirisha Siti na kundi lake hadi Bombay kurekodi. Kampuni ilikuwa na studio yake India, na Bombay kwa Unguja ya wakati ule haikuwa mbali. Meli, vitambaa, mchele na wafanyabiashara vilikuwa vikipita njia hiyo kila msimu. Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri.

Ukiisikiliza moja ya santuri hizo leo, kitu kinachoshangaza ni haraka. Upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulibeba kiasi cha dakika tatu. Taarab ya usiku haina dakika tatu. Wimbo mmoja unaweza kuchukua dakika ishirini, ubeti ukirudiwa kila anapoinuka mtu kwenda kutunza, fidla ikijibu, mwimbaji akisubiri watu watulie. Studioni hakukuwa na mtu wa kutunza wala wa kuchachawa. Ikabidi wapigaji waliozoea kuunyoosha wimbo mpaka usiku wa manane waujue mwisho wake kabla ya kuanza. Sauti ya Siti humo inaingia moja kwa moja, haipambi, na kila neno linasikika. Huenda ni vyungu vya Fumba vilivyomfundisha hivyo, maana mtangaza bidhaa akimeza neno hauzi.

Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache iliyofuata, na makampuni mengine yakaona biashara yakaja. Zilipigwa katika mikahawa na mabarazani kuanzia Lamu hadi Kilwa. Na kuna jambo la tarehe ambalo sijaona likitajwa vya kutosha. Mwaka huo huo wa 1928 wataalamu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Sitaki kudai kwamba Siti ndiye aliyewashawishi. Kikao hicho hakikuwa cha watu wa kusikiliza taarab. Ninachosema ni kwamba wakati makubaliano yao yakisubiri kuchapwa na kupelekwa skuli, Kiunguja kilikuwa tayari kinazunguka mwambao mzima ndani ya maboksi ya santuri, na waliokipokea hawakulazimishwa na mwalimu yeyote.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa 1958 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti.

Na nadi? Ilikuwa ikikua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sinema za Kimisri zikajaa mjini, na redio ya Cairo ikawaletea nyumbani Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab. Wapigaji wa Unguja waliona kwenye pazia la sinema safu nzima ya fidla zinazosogea kwa mkono mmoja, wakazitaka. Kundi dogo la udi, ganuni, fidla na dumbaki likawa okestra yenye fidla kadhaa, chelo, besi, akodiani na nai, wapigaji wamekaa kwa safu juu ya viti wakiwa wamevaa suti. Taarab ya Unguja unayoisikia leo, ile nzito, inayokwenda polepole, ilipata umbo lake hapo.

Wanawake nao hawakungoja waitwe. Waliunda vikundi vyao wenyewe, na majina walichagua ya kishindo: Royal Air Force, Royal Navy, Nuru el-Uyun, Sahib el-Ari. Walishindana kwa sare, kwa mafumbo na kwa kuchukuliana waimbaji. Anayeudharau ushindani huo kwa kuuita ugomvi wa wanawake hajui kwamba watunzi wengi wazuri wa Unguja walinolewa nao, kwani wimbo wa jibu unatakiwa kesho, nao uwe mkali kuliko uliorushwa jana.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Klabu za mjini zilipangwa upya chini ya chama na serikali, na nadi ya mwaka 1905 ikawa inajulikana kwa jina la mtaa wake, Malindi. Wanachama wengine walikuwa wameondoka nchini, wakaipeleka taarab Muscat na Dubai. Waliobaki waliendelea na mazoezi. Ubavuni mwao kulikuwa na kundi lililoanza 1958 katika umoja wa vijana wa chama cha Afro-Shirazi, ambalo sasa lilipata nguvu ya serikali na kuja kuwa Culture Musical Club, Mila na Utamaduni, lenye makao yake Vuga. Okestra mbili kubwa katika mji ambao unaweza kuuvuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Upinzani wao uliufaa muziki kuliko amri yoyote. Baada ya Mapinduzi, pia, wanawake walizidi kuonekana wakiimba mbele ya okestra za klabu, na Ikhwan Safaa ikaja kuwa na sauti kama ya Rukia Ramadhani. Kwa nadi ambayo ingemwacha Siti mlangoni, hiyo ilikuwa safari ndefu.

Kampuni ya GlobeStyle ya London ilipotoa rekodi zake za muziki wa Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, jina la zamani lilikuwa limerudi, na mojawapo ya rekodi hizo ilitoka kwa jina la Ikhwani Safaa. Mwaka 2005, klabu ilipotimiza miaka 100, mtafiti wa Kijerumani Werner Graebner alifungua mfululizo wa Zanzibara, uliochapishwa Ufaransa, kwa diski ya karne moja ya nadi hii. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lina uchungu wake, maana kijana wa Kikwajuni anayetaka kumsikiliza babu yake akipiga fidla huenda akaagiza kutoka Paris.

Hapo katikati alikuwepo Bi Kidude, na yeye hakufaa katika daftari la klabu yoyote. Jina lake hasa ni Fatuma binti Baraka, na alizaliwa Mfagimaringo, shamba la Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka wenyewe hata yeye hakuwa nao, na aliwaachia waandishi wabishane. Baba yake alikuwa muuza nazi. Utotoni alikwenda kumsikiliza Siti, akasimama nje akazishika nyimbo kwa sikio. Alikimbia ndoa, akazunguka bara akiimba, miguu peku, akakaa Dar es Salaam akiimba taarab. Miaka ya 1940 akarudi Unguja akajipatia nyumba ya udongo Ng'ambo.

Maisha yake ya kazi yanampa taabu mwandishi wa historia ya taasisi. Aliimba taarab, ndiyo. Lakini pia alikuwa somo wa unyago, akipiga ngoma ya msondo kwa kuipanda, na kuwafundisha wari mambo ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Alitengeneza hina na wanja akiuza. Alivuta sigara hadharani, akacheka kwa sauti, akawaambia vijana yaliyomjia mdomoni. Katika uzee wake Ulaya ikamgundua. Alisafiri na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas, akasimama na okestra ya Culture, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, na Rais Jakaya Kikwete akawepo mazikoni. Hakuna aliyebisha kwamba mazishi yale yalikuwa ya kitaifa, ingawa miaka kadhaa kabla ya hapo nchi ilimwacha akihangaika na matumizi ya kila siku kama bibi yeyote wa mtaani.

Wakati huo biashara ya taarab ilikuwa imekwisha kuhama. Taarab ya kisasa, ya vinanda vya umeme na rusha roho, ilianza kushika miaka ya 1990 kwa makundi kama East African Melody, na baadaye ikaja Jahazi ya Mzee Yusuf, naye ni mtoto wa Unguja. Watu wa nadi wengine waliilalamikia sana. Sijawahi kushiriki lalamiko hilo kikamilifu. Siti naye alishutumiwa kwamba anaishusha taarab kwa kuipeleka kwa wasiokuwa na hadhi. Anayeipeleka leo kwenye ukumbi wa Dar es Salaam anafuata njia iyo hiyo. Kilichopotea ni kingine. Kinanda cha umeme kinatoa sauti ya fidla kumi, kwa hiyo wapiga fidla kumi hawahitajiki, na bila ya viti vyao kumi hakuna pa kumkalisha kijana akajifunza kwa kusikiliza.

Ndiyo maana mwaka 2002 ilipofunguliwa Dhow Countries Music Academy katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani, watu wa klabu waliuelewa umuhimu wake mara moja. Miongoni mwa waanzilishi alikuwemo Mjerumani, Hildegard Kiel, lakini ufundi uliofundishwa mle ulitoka kwa wazee wa klabu. Kilichokuwa kikipatikana kwa kukaa miaka pembeni mwa mpigaji kikawa somo la saa fulani chumba fulani, na msichana aliweza kujiandikisha sawa na mvulana. Sauti za Busara, tamasha lililoanza Februari 2004 na kufanyika Ngome Kongwe, likawapa wahitimu jukwaa. Katika kizazi hicho wametokea kina Rajab Suleiman kwenye ganuni, na Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi, aliyeunda Siti and the Band. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, akatoa albamu ya nyimbo za bibi yake iliyoitwa Siti of Unguja.

Kwa hesabu yangu lakini, jambo kubwa zaidi la miaka hii lilitokea 2009, na halikutoka klabu wala skuli. Bi Mariam Hamdani, mwandishi wa habari, aliunda Tausi, okestra ya taarab ya wanawake watupu. Vikundi vya wanawake vilikuwepo tangu zamani, na waimbaji wanawake hawakuwa wageni tena. Kilichokuwa hakijaonekana ni wanawake walioshika fidla, udi na ganuni, wakapanga viti kwa safu, wakapiga bashrafu mwanzo mwisho bila ya mwanamume kuwasaidia. Mwanzoni kuna waliokwenda kuwatazama kwa udadisi tu, kuona kama wataweza. Ganuni ya Tausi nayo inalegea kwa unyevu wa bahari, na anayeiinamia kuilinganisha, ukumbi mzima ukimsubiri, ni mwanamke.